Game of Thrones na Wasomaji Waliopokonywa Siri

Usiku wa Jumapili, Juni 2, 2013, nchini Marekani, kulikuwa na watu waliokaa sebuleni kwao na simu mkononi, kamera zimeelekezwa kwa wenzao waliokuwa kwenye kochi badala ya runinga. Kwenye runinga, katika tamthilia ya Game of Thrones, kulikuwa na harusi. Bwana harusi aliyehofia kuozeshwa mwanamke asiyevutia alifunua shela akakuta mrembo. Watu wakala, wakanywa, wakawasindikiza maharusi chumbani kwa kelele na mizaha. Halafu mlango wa ukumbi ukafungwa. Wapiga muziki waliokuwa juu roshani wakabadilisha wimbo. Dakika chache baadaye mama na mwanawe, Catelyn na Robb Stark, ambao watazamaji walikuwa wamewashangilia kwa misimu mitatu walikuwa wamelala kwenye damu yao, na kwenye makochi watu walikuwa wanapiga mayowe, wanaziba midomo, wengine wanainuka na kutoka kana kwamba msiba umeingia nyumbani kwao.

Wenye simu hawakushtuka. Wao msiba huo walishaumaliza, kwenye kurasa za A Storm of Swords, kitabu cha tatu cha George R. R. Martin kilichotoka mwaka 2000. Walilia peke yao, kila mtu na taa yake ya kitandani, kisha wakakaa kimya wakisubiri zamu ya wengine. Video walizorekodi usiku ule zilizagaa dunia nzima, na mpaka leo naona hakuna ushahidi mzuri kuliko huo kwa mtu anayetaka kuelewa kwa nini, miaka 6 baadaye, msimu wa nane na wa mwisho ulipotoka, mashabiki haohao waligeuka mbogo.

Maana maelezo mengi ya hasira ya mwaka 2019 yanabisha mlango wa jirani. Husemwa kwamba wasomaji wa vitabu ni watu wasioridhika, wanaotaka kila mstari uigizwe kama ulivyoandikwa, na kwamba hata angekuja nani wangelalamika tu. Sikubali. Watu hawa walimeza mabadiliko makubwa, mengine wakayapigia makofi. Hasira yao ilikuwa na mizizi miwili tofauti, siri waliyopokonywa na sheria ya hadithi iliyolegezwa, na kwa kuwa ilivaa kanzu moja ikaonekana ni mtu mmoja.

Tuanze na siri. HBO, kituo cha runinga cha Marekani, walianza kuirusha tamthilia Aprili 17, 2011, na usiku ule wa kwanza waliitazama watu kama milioni 2.2. Vitabu vinne vilikuwa tayari sokoni, cha kwanza kikiwa kimetoka 1996. Cha tano, A Dance with Dragons, kilikuja Julai ya mwaka huohuo. Mtu aliyekuwa akisoma riwaya nene za kifantasia kwa miaka, akionekana ana utoto fulani usioisha, ghafla akajikuta ana mali ambayo kila mtu anaitaka. Alijua nani atakufa, nani mwana wa nani, nani anajifanya rafiki. Juni 12, 2011, ikaja episodi ya tisa. Ned Stark, mume wa Catelyn na baba wa Robb, aliyeigizwa na Sean Bean, ambaye sura yake ndiyo iliyokuwa kwenye mabango, akakatwa kichwa mbele ya umati huku binti yake akipiga mayowe.

Binamu yangu aliifikia episodi hiyo akiwa amechelewa, kwenye flash, nyumbani kwao Sinza, feni ikivuma kuliko runinga. Mimi kitabu nilikuwa nimeshakisoma; nilikipata kwa muuza vitabu vya mtumba, jalada limechanika na mtu fulani kaandika orodha ya manunuzi ukurasa wa mwisho. Ned alipopandishwa jukwaani, binamu alikuwa anamenya chungwa. "Huyu hawamuui," akasema, "steringi hafi." Ndiyo katiba tuliyolelewa nayo sisi wa vibanda umiza: steringi anapigwa, anachomwa, anaanguka kwenye helikopta, lakini hafi. Nikajifanya naangalia chungwa. Upanga uliposhuka, kisu chake kilibaki hewani, na alipogeuka hakuiangalia runinga, aliniangalia mimi. "We ulikuwa unajua?"

Nilikuwa najua. Sijawahi kufurahia kujua kitu kama nilivyofurahia siku ile, na si jambo la kujisifia.

Kwa misimu mitano wasomaji duniani kote waliishi na raha hiyo. Wangeweza kumwaga mtama kwenye kuku wengi, na wachache walifanya hivyo, lakini wengi walikuwa na adabu ya ajabu. Waliulizwa maswali wakajibu "endelea kuangalia tu." Walitengeneza sehemu mbili za mazungumzo mtandaoni, ya waliosoma na ya wasiosoma, na wakalinda mpaka kama askari wa zamu. Ni mara chache mashabiki wa kitu chochote wakapewa kazi ya namna hiyo. Hawakuwa watazamaji tu. Walikuwa wenyeji wanaopokea wageni, wakijua chumba gani kina nyoka.

Sasa tazama walivyoyapokea mabadiliko katika kipindi hicho. Watoto wa vitabuni waliongezwa umri: Daenerys wa kitabu, binti wa ukoo wa kifalme uliopinduliwa, ana miaka 13 hadithi inapoanza, Robb na Jon Snow, anayelelewa kama mwana wa nje wa Ned, wana 14. Hakuna aliyeandamana, kila mwenye akili aliona kwamba yanayompata yule binti hayaigiziki na mtoto. Tyrion wa kitabuni, mbilikimo wa ukoo tajiri wa Lannister, anapoteza sehemu kubwa ya pua vitani, wa runinga akabaki na kovu la kiume linalompendeza. Watu wakacheka, wakaendelea. Msimu wa kwanza haukuwa na fedha za kuigiza vita, kwa hiyo Tyrion akagongwa rungu la bahati mbaya na askari wake mwenyewe, akazimia, akaamka vita vimekwisha. Kitabuni anapigana mwanzo mwisho. Hata hilo likasamehewa, tena kwa utani. Msimu wa pili ukamfanya Arya, binti mdogo wa Ned, kuwa mtumishi wa mezani wa Tywin Lannister, baba yake Tyrion, pale kwenye ngome ya Harrenhal, jambo ambalo kwenye vitabu halipo. Kule anamtumikia Roose Bolton, bwana aliye chini ya Robb. Wasomaji wengi wakakiri kwamba mazungumzo ya yule mzee na yule mtoto, kila mmoja akimnusa mwenzake, yalikuwa bora kuliko walichosoma.

Hata harusi yenyewe ilibadilishwa. Kitabuni, Catelyn anashtuka muziki unapobadilika, anamshika mkono Edwyn Frey, mmoja wa wenyeji, na chini ya hariri vidole vyake vinagusa pete za chuma: mtu kaja harusini na deraya ndani ya nguo. Kwenye runinga mkono unaoshikwa ni wa Roose Bolton. Amekaa meza moja naye, ana tabasamu dogo, anautazama mkono wake mwenyewe kana kwamba anamwambia "nawe tazama." Catelyn anavuta mkono wa joho, anaona chuma, anamzaba kibao. Na Roose huyohuyo ndiye anayerudi muda mfupi baadaye kummaliza Robb. Kitabuni pia ni Roose anayemuua. Runinga ilichofanya ni kuunganisha chuma, tabasamu na kisu kwa mtu mmoja, mwanzo wa usaliti ukaonekana ndani ya mwisho wake. Mke wa Robb, ambaye kitabuni haendi hata kwenye harusi hiyo, runinga ilimpeleka na mimba yake. Mabadiliko makubwa yote hayo, na sijakutana na msomaji aliyesema harusi imeharibiwa.

Kwa hiyo kisa si uaminifu kwa maandishi. Martin aliwafundisha wasomaji wake sheria moja, na aliifundisha kwa kuua: kila kitendo kina bei, na bei hulipwa na aliyetenda au na mtoto wake. Ned anakufa kwa sababu alimwonyesha adui huruma kabla ya wakati. Robb anakufa kwa sababu alivunja ahadi ya ndoa. Ubadilishe mkono unaoshikwa, ubadilishe jina la mke, sheria iko palepale. Na ndiyo maana manung'uniko ya kwanza mazito yalikuja pale sheria ilipolegea.

Msimu wa tano, mwaka 2015, Sansa Stark, binti mkubwa wa Ned, anapelekwa Winterfell, ngome ya kwao, kuolewa na Ramsay Bolton, mwana wa Roose, na usiku wa ndoa anabakwa. Vitabuni anayepitia mateso hayo ni Jeyne Poole, rafiki yake wa utotoni anayelazimishwa kujifanya Arya. Kelele zilikuwa kubwa. Seneta wa Missouri, Claire McCaskill, alitangaza hadharani kwamba ameachana na tamthilia hiyo. Wengi walizungumzia ukatili, na walikuwa na haki. Lakini wasomaji waliongeza swali lililopotea kwenye makelele: Littlefinger, mjanja wa siasa aliyekuwa amemshika Sansa, mtu ambaye tangu mwanzo hajawahi kutoa hata salamu bila kuandika deni, anawezaje kumkabidhi Sansa, mali yake kubwa kuliko zote, kwa familia ambayo anakiri hajui tabia ya kijana wao? Hapo ndipo nilianza kusikia sentensi ambayo baadaye ikawa wimbo: "wamemfanya mjinga ili hadithi isogee." Ya Dorne, kisa cha kusini kilichoborongwa msimu huohuo, sitayagusa sana. Kila aliyeyaona anajua, na asiyeyaona hajakosa kitu.

Mwanzoni mwa Januari 2016 Martin aliandika kwamba kitabu cha sita, The Winds of Winter, hakikukamilika na hakitatoka kabla ya msimu wa sita wa tamthilia. Kwa mtazamaji wa kawaida hiyo ilikuwa habari ya pembeni. Kwa msomaji ilikuwa barua ya kufukuzwa kazi. Jon Snow alikuwa amelala kwenye theluji na visu mwilini, mwishoni mwa kitabu cha tano, tangu Julai 2011; wasomaji walikuwa wamejadili miaka mitano atafufuka vipi na atarudi akiwa mtu wa namna gani. Mei 1, 2016, runinga ikamfufua mbele ya kila mtu, na mimi nikajua kwa wakati mmoja na binamu yangu. HBO walikuwa wakirusha Jumapili saa tatu usiku ya New York, ambayo kwetu ni Jumatatu saa kumi alfajiri. Aliyekuwa na king'amuzi na moyo aliamka kabla ya adhana, sisi wengine tukapitisha mchana mzima tukikwepa simu zetu mpaka flash ifike.

Wiki tatu baadaye, Mei 22, ikaja ile ya Hodor, mtumishi anayekufa akizuia mlango. Siwezi kusahau ukimya wa sebule ile. Kwa mara ya kwanza nililia pamoja na wasiosoma, bila kujiandaa, na kwa siku kadhaa nilidhani hivi ndivyo itakavyokuwa na kwamba ni vizuri zaidi. Watunzi wa tamthilia, David Benioff na D. B. Weiss, walishamtembelea Martin nyumbani kwake Santa Fe na kuelezwa hadithi inaelekea wapi, na asili ya jina la Hodor, "hold the door," yaani zuia mlango, ilikuwa ni kitu kilichotoka kwake. Kwa hiyo bado tulikuwa tunakula chakula cha mpishi yuleyule, kimepakuliwa na mtu mwingine.

Lakini mwenyeji aliyenyang'anywa funguo za nyumba hugeuka mkaguzi. Mtu aliyekuwa akitazama nyuso za wageni sasa alianza kutazama kuta. Kila ufa aliuona, na nyufa zilianza kuwa nyingi.

Umbali, kwa mfano. Katika episodi ya kwanza kabisa, msafara wa mfalme unapofika Winterfell, malkia analalamika kwamba wamesafiri mwezi mzima. Mwezi huo ulikuwa na maana: barua huchelewa, majeshi huchoka, mtu hufa huku anayeweza kumwokoa yuko njiani. Agosti 2017, msimu wa saba, kikundi cha wanaume kinazingirwa juu ya ziwa la barafu kule kaskazini ya mbali. Gendry, mmoja wao, anakimbia kwa miguu hadi kwenye ukuta mkubwa wa mpakani, kunguru wa barua anaruka hadi kisiwa cha Dragonstone, Daenerys anapanda joka na kuruka mpaka kule, na wale wanaume bado wako kwenye mwamba wao wakitetemeka. Mwongozaji wake, Alan Taylor, alikubali baadaye kwamba suala la muda lilikuwa na ukungu kidogo. Wapo waliotucheka: mnaamini majoka, mnashindwa kuamini kunguru mwenye kasi? Swali hilo linafurahisha, ila linaonyesha muulizaji hajawahi kusikiliza hadithi akiwa mtoto.

Sisi tulipoanza hadithi tuliitikia "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo tuliualika wenyewe. Sungura alizungumza na hakuna aliyeuliza kajifunzia wapi. Ila bibi akisema sungura yuko juu ya mbuyu, halafu pasipo kumshusha akamweka mtoni, hata mwenye miaka 5 anadakia: "Kashuka saa ngapi?" Uongo una barabara zake.

Misimu sita ya kwanza ilikuwa na episodi kumikumi. Wa saba ukawa na 7, wa nane 6, kwa uamuzi wa watunzi wenyewe. Upande wa HBO ulikuwa tayari kwa zaidi. Fedha zilikuwepo kuliko wakati wowote. Vita vya "The Long Night", vilivyorushwa Aprili 28, 2019, vilipigwa picha kwa usiku 55 na vikachukua dakika 82, na malalamiko makuu ya kesho yake yalikuwa kwamba watu hawakuona kitu kwa giza. Mpigapicha mkuu, Fabian Wagner, alisema tatizo ni runinga za watu na zilivyotegeshwa. Nasi tuliziba madirisha kwa kanga mbili na shuka, bado tukawa tunaulizana nani kafa. Wiki iliyofuata kikombe cha kahawa cha kisasa kikaonekana mezani mbele ya Daenerys, HBO wakakifuta kwa kompyuta baada ya dunia nzima kucheka. Kikombe hakikuniudhi. Msimu wa kwanza ungekuwa na vikombe kumi tungevisamehe vyote, kama tulivyosamehe vita visivyoonyeshwa.

Kilichouma zaidi kilikuwa kwenye episodi hiyohiyo ya kikombe. Joka la Daenerys, Rhaegal, linapigwa mishale mikubwa kutoka kwenye meli za Euron, adui yake, na kufia baharini. Aliyepanda joka angani, siku ya jua, hakuona meli chini yake. Benioff alieleza kwenye kipindi cha nyuma ya pazia kwamba Daenerys alikuwa kama amezisahau. Mashabiki wakakumbusha kwamba meli hizo zilizungumzwa mezani kwake kwenye episodi hiyohiyo. Hapa yale makundi mawili, wasomaji walioporwa siri na watazamaji ambao hawajawahi kushika kitabu, yakakutana. Binamu yangu hakuwa na habari na nadharia zozote za fasihi. Alisema tu, "Sasa hii si ile."

Ombi la mtandaoni la kutaka msimu wa nane uandikwe na kuigizwa upya lilipita sahihi milioni 1 kabla hata episodi ya mwisho haijarushwa, na likaja kuzidi milioni 1.8. Watu walikataa maiti kabla ya mgonjwa kukata roho. Halafu Mei 19, 2019, ukijumlisha marudio na waliotazama kwa intaneti, watazamaji milioni 19.3 wakakaa kitako kuangalia usiku uleule, idadi ambayo HBO haikuwahi kuiona kwa tamthilia hiyo. Septemba ikapewa tuzo 12 za Emmy, ikiwemo ya tamthilia bora ya mwaka, na kufikisha 59 kwa jumla. Siyaoni haya kuwa yanapingana. Anayetia sahihi namna ile ni mtu ambaye hawezi kuacha kutazama. Aliyechoka kweli hulala.

Kuhusu Daenerys kuchoma mji mkuu karibu na mwisho, mimi niko upande ambao haupendwi. Naamini safari ilikuwa inaelekea huko. Msimu wa kwanza kaka yake anamiminiwa dhahabu iliyoyeyushwa kichwani, naye anatazama bila kupepesa. Msimu wa nne anasulubisha mabwana 163 wenye watumwa ili kulipa watoto 163 waliosulubiwa, bila kuuliza kati yao nani alipinga mauaji. Wa saba anawachoma Tarly, baba na mwana, kwa kukataa kupiga goti. Sisi tulishangilia kila mara kwa kuwa waliokuwa wanaungua hatukuwapenda. Huo ulikuwa mtego mzuri sana, na kwenye episodi ya "The Bells," kengele za kusalimu amri zinapolia na yeye akaendelea kuchoma, ungeweza kutufanya tuone haya kwa makofi yetu ya nyuma. Ila mtego huhitaji muda wa kufunga. Watunzi walikuwa na episodi mbili mkononi. Akafiwa na joka, akafiwa na rafiki, akakataliwa kimapenzi, akakosa usingizi, akawa mwuaji. Haraka kama dalili zinavyosomwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Huko Marekani zaidi ya watoto wa kike 500 walipewa jina la Khaleesi mwaka 2018 peke yake. (Khaleesi ni cheo, mke wa khal, si jina la mtu, ni kama kumwita mwanao Malkia, jambo ambalo kwetu lipo na halimshangazi mtu.) Nimewafikiria wazazi hao mara nyingi. Wao hawakulalamikia nadharia.

Mwishoni Bran, mwana mwingine wa Ned, ndiye akawa mfalme, kwa hoja ya Tyrion kwamba hakuna mwenye hadithi nzuri kumzidi. Mwigizaji wake, Isaac Hempstead Wright, amesema ufalme wa Bran ulitoka kwa Martin mwenyewe, nami naweza kuuona ukitengenezwa vizuri kitabuni. Kwenye runinga, mwenye hadithi nzuri kuliko wote alikuwa ameachwa nje ya msimu mzima wa tano, hakuonekana hata mara moja, na hatukuona pengo.

Nilisema vibanda umiza, na kuna jambo la huko linalonitatiza. Tumekulia filamu zilizotafsiriwa na Lufufu kwetu Tanzania, na wenzetu Kenya na DJ Afro, watu wanaozungumza juu ya picha kwa Kiswahili, wanabatiza wahusika majina mapya, wanaongeza utani usiokuwepo, wanaweza hata kukupa kisa cha ugomvi ambacho mtunzi hakukiwaza. Uaminifu wao kwa maandishi ni sifuri, na vibanda vilijaa. Hakuna aliyeandika ombi. Nadhani ni kwa sababu yule msimulizi hana haraka ya kutoka. Anapenda kukaa ndani ya hadithi kuliko sisi. Benioff na Weiss walikuwa wazuri sana walipokuwa wakipenda kukaa. Misimu miwili ya mwisho ina harufu ya watu wenye viatu tayari mguuni.

Si kila kelele ya shabiki inastahili heshima hii ninayoipa. House of the Dragon, tamthilia nyingine ya ulimwengu huohuo, ilipoanza Agosti 2022, Steve Toussaint, Mwingereza mweusi, akiigiza bwana tajiri wa bahari Corlys Velaryon, aliandamwa na matusi kabla hajafungua mdomo. Alijibu vizuri: watu wanakubali joka linaloruka, nywele nyeupe na macho ya zambarau, ila tajiri mweusi hapana. Hapa hoja yangu ya barabara za uongo haiwasaidii. Rangi ya Corlys haivunji sababu wala tokeo lolote. Tena tamthilia iliitumia, maana watoto wa binti mfalme Rhaenyra, aliyeolewa na mwana wa Corlys, wasiofanana na baba yao halali wakawa wanaonekana kwa jicho la kila mtu ukumbini, na siri ambayo kitabuni ni mnong'ono ikawa tusi lililosimama wima.

Na kisa cha Septemba 2024 kimenifanya nisicheke tena ninaposikia shabiki anaitwa mlalamishi. Tamthilia hiyo inatokana na Fire & Blood cha mwaka 2018, kitabu kilichoandikwa kama historia yenye mashahidi wanaogongana, kwa hiyo siri ya mwisho haipo kabisa; anayetaka anasoma. Msimu wa pili ulimwondoa mtoto mmoja, Maelor, mwenye miaka 2. Kitabuni wauaji wanamlazimisha malkia Helaena kuchagua ni yupi kati ya wanawe wawili afe; anamtaja mdogo, nao wanamuua mkubwa, na yule mdogo anabaki hai akikua mbele ya mama aliyemtoa. Runinga ikabaki na pacha wawili, wa kiume na wa kike, na mama anaonyesha tu wa kiume ni yupi. Martin, mwenye hadithi, akaandika hadharani kueleza kilichopotea: ukimtoa mtoto huyu hapa, kifo chake cha baadaye hakipo, na kikikosekana hicho, yatakayompata mama yake, na ghasia zitakazofuata mjini, yanakosa pa kusimama. Akafananisha na kipepeo apigaye bawa. Maandishi yale yaliondolewa siku hiyohiyo, lakini yalikuwa yameshasomwa.

Nilipoyasoma nilimsikia yule mtoto wa miaka 5: kashuka saa ngapi?

Binamu yangu, baada ya mwaka 2019, alikuja kuazima vitabu. Alisema anataka kujua "ilivyokuwa kweli," na sikumbishia neno hilo. Alisoma kwa Kiingereza cha kuburuza, kamusi kwenye simu, mwaka mmoja na zaidi, akinitumia ujumbe wa sauti usiku kila alipokutana na mtu ambaye runinga ilimruka. Alipofika Catelyn aliyefufuliwa, kimya na koo limechanwa, alinipigia saa sita usiku kuniuliza kwa nini nilimficha. Cha tano alikimaliza siku ya mvua. Jon Snow kalala kwenye theluji, kisu cha tatu kimeingia.

"Haya, nipe cha sita."

Nikamwambia hakijatoka.

"Kinatoka lini?"

Nikamwambia tunasubiri tangu 2011. Simu ikanyamaza, nikasikia mvua ya kwao ikipiga bati, kisha akaanza kucheka, kicheko kilekile cha wale wenye simu mkononi usiku wa harusi, ila safari hii hakukuwa na mtu wa kumrekodi. Vitabu vyangu vyote vitano bado viko kwake.